Huu Si Mkrismasi!

Kaeni vizuri. Kunjeni miguu. Anayetaka kukunja na uso, akunje, maana hadithi hii ina hasira ndani yake.

Alikuwepo mtoto mmoja huko Muheza, kwenye machungwa mengi. Jina lake Kidawa. Mwili wake ulikuwa mdogo, lakini hasira zake zilikuwa za mtu mzima.

Hakuwa mtoto mbaya, la. Aliwaamkia wakubwa. Aliosha vikombe bila kuambiwa mara mbili.

Lakini akiona uonevu, basi! Alikunja uso. Alipiga mguu chini. Di!

"Si haki!" alisema. "Si haki hata kidogo!"

Uani kwao palikuwa na mti. Baba aliupanda mwaka ule ule aliozaliwa Kidawa. Aliuleta kutoka Amani, juu mlimani, ameufunga nyuma ya baiskeli. Mche wenyewe ulikuwa mdogo kama mwiko.

"Nimeleta mkrismasi!" Baba alimwambia kila mtu njiani. "Jamani, nimeleta mkrismasi!"

Mkrismasi mnaujua? Ni ule mti unaochanua maua mekundu, mekundu kabisa, Krismasi ikikaribia. Ndiyo maana watu wakauita hivyo. Ukiuona umewaka, unajua shule zinafungwa.

Kidawa akakua. Mti nao ukakua. Kidawa alipofika kwenye kitasa cha mlango, mti ulikuwa umeshapita paa la nyumba.

Kidawa aliuita pacha wake. Asubuhi aliusalimia. Jioni aliuaga.

"Lala salama, pacha," alisema.

"Shaa, shaa," majani yakajibu.

Basi Desemba ikafika. Mikrismasi yote ikachanua. Wa sokoni ukachanua. Wa stesheni ukachanua. Wa jirani yao, Bi Namsifu, ulichanua mpaka geti lake likawa halionekani.

Na mti wa Kidawa je?

Hata ua moja! Juu kabisa kulikuwa na vitu vya kahawia tu, vimejikunja kama kucha za paka.

Huyo Bi Namsifu alikuwa mcheshi. Tena ucheshi wake ulikuwa hauna breki. Siku moja alikuwa barazani kwake, anamenya mbaazi. Akapaza sauti juu ya uzio.

"Baba Kidawa! Huo mkrismasi wako ni wa Krismasi ya mwaka gani?"

Wapita njia wakacheka. Kwa! Kwa! Kwa! Baba naye akacheka, lakini kicheko chake kilikuwa kidogo.

Mwaka juzi alitaniwa. Mwaka jana alitaniwa. Mwaka huu utani ukamchoma.

Usiku, wakati wa kula, Baba akasema, "Jumamosi naukata."

"Unakata nini?" Mama akauliza.

"Ule mti. Mti mvivu! Unakula udongo wangu bure, na unanitia aibu. Nitapanda mchungwa. Mchungwa una adabu. Msimu ukifika, unazaa."

Tonge la Kidawa likabaki mkononi.

"Baba, usiukate! Ni pacha wangu!"

"Mwanangu, miti yote imechanua, huu wetu umekaa tu. Na juu umeanza kukauka. Huoni yale makahawia?"

Kidawa akakunja uso. Akapiga mguu chini. Di!

"Si haki! Si haki hata kidogo!"

"Kidawa," Mama akasema, "kwenye chakula hatupigi miguu."

Haya, hebu niambieni nyinyi. Asiyechanua anakatwa? Mbona Baba mwenyewe alikuwa hajachanua, na alikuwa anakula wali?

Asubuhi Kidawa akatoka uani. Safari hii hakuusalimia mti. Aliukasirikia.

"Na wewe nawe! Kwa nini huchanui? Wenzako wote wamechanua! Unataka kukatwa?"

"Shaa, shaa," majani yakasema.

"Usiniambie shaa, shaa! Chanua!"

Mara, fyaa! Jani likaanguka. Likatua kichwani mwa Kidawa, likamfunika mpaka machoni.

Kidawa akalitoa. Lilikuwa jani refu, lina kikonyo katikati. Huku na huku kumepangwa vijani viwili viwili, na kimoja peke yake kwenye ncha. Lakini mnaviita vijani? Kila kimoja kilimjaa Kidawa kiganjani!

"Hee," Kidawa akasema. Hasira ikapoa kidogo. Kidogo tu.

Akatazama juu. Akatazama chini. Akasogea, akatazama karibu.

Mti wake ulisimama wima kama mchi kwenye kinu. Matawi yalipanda juu. Na vile vitu vya kahawia vilikaa kwenye ncha za matawi, vimebanana, vimeelekea angani.

Kidawa akabeba lile jani. Akatoka mbio hadi kwa Bi Namsifu.

"Hodi!"

"Karibu."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona uso umekunjika kama chapati ya jana?"

"Kwa sababu yako, Bibi. Umemtania Baba, na sasa anataka kuukata mti wangu."

Mkono wa Bi Namsifu ukasimama ndani ya mbaazi.

"Anaukata? Mimi nilikuwa natania tu!"

"Utani mwingine hauchekeshi," Kidawa akasema.

Bi Namsifu akaweka sinia chini.

"Bibi, naomba niutazame mkrismasi wako."

"Utazame mpaka uchoke, mjukuu wangu."

Kidawa akatazama juu. Akatazama chini. Akasogea, akatazama karibu.

Mkrismasi wa Bi Namsifu haukusimama wima. Ulitandaza matawi pande zote, kama mwavuli mkubwa. Kuku wote wa mtaa walikuwa wamepumzika chini yake.

Kidawa akaokota jani lake. Vijani vyake vilikuwa vidogo vidogo, kama punje za mchele. Tena laini! Akalipuliza. Phuu! Jani likacheza kama unyoya.

Akaliweka karibu na jani la mti wake. Moja unyoya. Jingine, mh! Unaweza kupepea nalo moto.

Akaokota ua. Lilikuwa na vipande vitano. Vinne vyekundu. Cha tano kilikuwa na weupe, kama kimemwagikiwa maziwa.

Akaokota na tumba, yaani ua ambalo halijafunguka. Lilikuwa la kijani, la mviringo. Halikuwa la kahawia. Halikujikunja kama ukucha.

Juu matawini kulikuwa na maganda ya mbegu. Marefu, bapa, magumu, meusi. Moja lilikuwa limeanguka. Kidawa akalitikisa.

Cheke! Cheke! Cheke!

Mti wake haukuwahi kuwa na kitu cha cheke cheke. Hata siku moja.

Moyo wa Kidawa ukaanza kudunda. Du! Du! Du!

"Bibi! Bibi! Mti wangu si mkrismasi!"

"Ati nini?"

"Tazama! Jani la mti wako hili. Jani la mti wangu hili."

Bi Namsifu akavaa miwani yake. Akatazama jani hili, akatazama jani lile. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Jamani!" akasema. "Miaka yote hii naucheka mti wa watu, kumbe hata jina si lake! Sasa ni mti gani?"

"Sijui. Lakini mkrismasi, si mkrismasi!"

"Kila ndege huruka na ubawa wake," Bi Namsifu akasema. "Kimbia ukamwambie baba yako."

Kidawa akakimbia. Baba alikuwa amepindua baiskeli, anafunga mnyororo.

"Baba! Ule mti si mkrismasi!"

Baba akainua macho. Kisha, mnajua alifanya nini? Akacheka.

"Kidawa wee! Mti nimeuleta mimi. Nimeupanda mimi. Nimemwambia kila mtu njiani kwamba ni mkrismasi. Leo wewe unaniambia si mkrismasi?"

"Majani yake, Baba..."

"Majani ni majani."

"Lakini maganda..."

"Nenda kacheze, mwanangu."

Na akaendelea kucheka, anazungusha pedeli. Chrr, chrr, chrr.

Kukatazwa kunauma. Kupigwa na mwiba kunauma. Lakini kusema kweli halafu ukachekwa, hilo linauma kupita yote. Machozi ya Kidawa yalikuwa ya hasira, na machozi ya hasira ni ya moto.

Akapiga mguu chini. Di!

"Si haki! Si haki hata kidogo!"

Akaenda jikoni. Mama alikuwa amekaa kwenye mbuzi, anakuna nazi. Kwaru, kwaru.

"Mama, tazama haya majani."

Mama akaacha nazi. Akafuta mikono kwenye kanga. Akayatazama vizuri.

"Kweli hayafanani," Mama akasema. "Hata kidogo."

"Basi mwambie Baba!"

Jioni Mama akamwambia. Baba akatikisa kichwa.

"Sasa mmekuwa wawili! Mti ni mkrismasi. Umekauka. Jumamosi naukata."

Mnaona mambo hayo? Mtu ameletewa majani mawili mpaka chini ya pua yake, na hataki kutazama! Nami ningekuwepo, ningepiga mguu chini. Mngepiga na nyinyi, najua.

Jumamosi ikafika. Haikuchelewa hata kidogo.

Baba akatoa ngazi. Akatoa panga. Akatoa shoka, akalinoa kwenye jiwe. Shwe, shwe, shwe.

Kidawa akasikia. Hakumaliza hata chai. Akakimbia uani, akasimama mbele ya mti. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Kidawa, nipishe," Baba akasema.

"Sikupishi."

"Kidawa!"

"Samahani, Baba. Lakini sikupishi."

Mama akaja, mikono kiunoni. Bi Namsifu akaja, na sinia lake la mbaazi. Watoto wa mtaa wakapanda juu ya uzio.

Baba akawatazama wote. Akashusha shoka.

"Haya," akasema. "Mimi si mtu mbaya. Nitakata kitawi kimoja tu. Nitakuonyesha kwamba mti umekauka. Ukiona kwa macho yako, utanipisha. Sawa?"

Kidawa hakusema sawa. Baba akapanda ngazi hivyo hivyo.

Kwa! Panga likapiga. Kwa! Fyaaa! Pu!

Kitawi kikaanguka chini, na vile vitu vya kahawia kwenye ncha yake.

"Umeukata mkono!" Kidawa akalia. "Si haki! Si haki hata kidogo!"

Baba akashuka. Akachuma kimoja cha vile vya kahawia. Akakiinua juu, watu wote wakione.

"Oneni wenyewe," akasema. "Cha kahawia. Kimejikunja. Kimekufa. Hiki ni kikavu kama kuni!"

Akakisogeza karibu na macho. Akakiminya.

Chwiiii!

Maji!

Maji yakaruka. Yakampata Baba jichoni. Yakampata puani. Yakamwagikia shati lake jeupe, lile la kuendea harusini.

Watu wakatoa macho. Hata Bi Namsifu.

Maji yakadondoka kwenye ndevu za Baba. Do. Do. Do.

Kidawa ndiye aliyesema, uso umekunjika vile vile. "Baba, kitu kikavu kina maji?"

Baba akajifuta. Akachuma kingine. Akakiminya polepole, kwa tahadhari, amekigeuzia upande mwingine.

Chwiiii!

"Uwii!" Mama akaruka. Maji yalimpata shingoni.

Basi! Mama naye akachuma kimoja. Chwiiii! Bi Namsifu akachuma kimoja. Chwiiii! Watoto wakashuka kwenye uzio, na uani kukawa na mvua isiyotoka mawinguni.

Lakini Kidawa hakucheza. Bado alikuwa na neno.

"Baba, tumba la mkrismasi lina maji?"

Baba akatoka, akaenda hadi getini kwa Bi Namsifu. Akachuma tumba la mkrismasi. La kijani, la mviringo. Akaliminya.

Kimya.

Akaliminya tena. Kimya. Hata tone.

Ndipo Baba akatazama juu. Akatazama chini. Akasogea, akatazama karibu. Akaona vijani kama punje za mchele. Akaona mwavuli. Akaona maganda marefu meusi. Miaka yote alipita pale, na hakuwa ameviona.

Akarudi uani taratibu. Akakaa chini, juu ya shina la mgomba lililolala pale.

"Kidawa," akasema, "huu si mkrismasi."

"Ndivyo nilivyosema!" Kidawa akapaza sauti. "Nilikuja nikasema! Ukanambia nikacheze!"

Baba akakiokota kile kitawi, akampa.

Kidawa akachukua kitu kimoja cha kahawia. Akakifungua kwa kucha zake ndogo. Nje kilikuwa na manyoya laini, kama ya mgongo wa panya. Ndani kulikuwa na maji kidogo. Na ndani ya maji, kitu kimekunjwa kunjwa, chekundu.

"Mama! Ni tumba! Ua limelala humu ndani!"

Mama akasogea. Bi Namsifu akasogea. Baba akasogea kuliko wote.

Hivyo vitu vya kahawia havikuwa vimekufa. Vilikuwa matumba, mti mzima! Mti ulikuwa unajiandaa, na watu wanautukana.

"Basi ni mti gani?" Bi Namsifu akauliza.

Hakuna aliyejua.

Jumapili, jogoo hajamaliza kuwika, Baba akachukua baiskeli. Akapanda njia ya Amani. Njia ile ni mlima mtupu. Ukipanda unasukuma, na ukisukuma unatubu.

Kidawa akangoja mlangoni. Akangoja dirishani. Akangoja getini. Jua lilipoinama, akasikia kengele. Kring! Kring!

Baba alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Mkononi alikuwa na ganda moja la ajabu. La kahawia, refu, limechongoka pande zote mbili, kama kimtumbwi cha kuchezea.

"Nimekwenda pale pale nilipochukua mche," akasema. "Miche ilikuwa imepangwa mistari miwili. Huku mikrismasi, huku mingine. Siku ile mvua ilikuwa inakuja. Nikawa na haraka. Nikashika mstari usio wangu."

"Mti wangu unaitwaje?" Kidawa akauliza.

"Unaitwa kifabakazi."

"Ki-fa-ba-ka-zi," Kidawa akasema taratibu. Alilisikia jina mdomoni. Lilikuwa jina zuri la kusema kwa sauti.

"Na hili ni ganda lake," Baba akasema. "Linakaa mtini limesimama, halining'inii. Pasua uone."

Kidawa akapasua. Ndani mlikuwa na mbegu nyingi, nyembamba, kila moja na ubawa wake kama karatasi. Akazipuliza. Phuuu!

Zikaruka. Zikapita juu ya uzio. Zikamfuata Bi Namsifu mpaka kwenye mbaazi zake.

"Baba Kidawa!" Bi Namsifu akaita. "Huo mkrismasi wako..."

"Kifabakazi!" Kidawa akapaza sauti.

"Ah, nisamehe, mjukuu wangu. Kifabakazi. Kinachanua lini?"

"Kikiwa tayari!" Kidawa akasema.

Krismasi ikaja, watu wakala pilau. Krismasi ikapita. Maua ya mikrismasi yakaanza kudondoka, mekundu, barabarani kote.

Ndipo asubuhi moja Kidawa akatoka uani, akatazama juu.

"Mama! Baba! Njooni! Njooni!"

Kifabakazi kilikuwa kimechanua!

Hakikuchanua chote kwa pamoja. Matumba ya pembeni yalianza, yakazunguka duara, na ya katikati yakangoja zamu yao. Maua yalikuwa makubwa, kila moja kama kikombe. Rangi yake ilikuwa nyekundu ya moto, na pembeni ya kikombe kumezunguka uzi wa njano, kama pindo la kanga.

Mvua ikanyesha. Vikombe vikajaa maji. Ndege wadogo, chozi, wakaja kunywa. Twi! Twi! Wapita njia wakasimama. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Baba Kidawa," wakasema, "mti gani huu mzuri hivi?"

Baba akafungua mdomo. Akamtazama Kidawa kwanza.

"Mwulizeni mwenyewe," akasema.

Kidawa akawaambia jina. Akawaambia na majani. Akawaambia na matumba. Akawaambia yote, na wakasikiliza mpaka mwisho.

Jioni ikaingia. Kidawa akaoga. Akala uji. Mama akamfunika shuka. Baba akaja kushusha chandarua.

Akashangaa. Uso wa Kidawa ulikuwa umekunjika.

"Kuna nini tena, mwanangu? Mti upo. Maua yapo."

"Baba, uliuita mvivu."

"Ee. Niliuita."

"Mbele ya watu! Na ukaukata mkono. Na hujauomba radhi."

Baba akakuna kichwa. "Kidawa, mtu mzima anauomba mti radhi?"

Haya, na mimi nauliza. Kuutukana aliweza, sasa kuuomba radhi anashindwa nini?

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Aliinua nyusi tu.

Baba akatoka nje. Kidawa akapiga magoti kitandani, akachungulia dirishani.

Baba akasimama mbele ya mti. Akakohoa. Khm, khm.

"Kwa sauti, Baba!" Kidawa akasema.

"Kifabakazi!" Baba akasema kwa sauti. "Nilikuita mvivu. Hukuwa mvivu. Nilikukosea jina, kisha nikakukasirikia wewe. Na nikakukata mkono. Naomba unisamehe."

Kule ng'ambo ya uzio, Bi Namsifu alikuwa amekaa barazani. Alisikia kila neno. Mnadhani alitania?

"Na mimi pia," Bi Namsifu akasema. "Nisamehe, kifabakazi."

Baba akarudi ndani. Mngedhani kazi imekwisha. Lakini alipofika kitandani, hakushusha chandarua. Alikaa.

"Na wewe, Kidawa," akasema.

"Mimi nini?"

"Ulikuja na majani mawili mkononi. Ulisema kweli. Nami nikacheka." Baba akamshika mkono. "Lile lilikuwa kosa kubwa kuliko la mti. Nisamehe, mwanangu."

Kidawa akawaza. Hakuwaza upesi. Mtu aliyechekwa ana haki ya kuwaza.

Kisha paji la uso likalegea. Mashavu yakalegea. Akatabasamu kidogo, halafu sana.

"Nimekusamehe, Baba. Lakini siku nyingine nikikuambia kitu, usicheke kwanza."

"Nifanye nini kwanza?"

"Tazama kwanza."

"Nitatazama kwanza," Baba akasema.

Kidawa akafumba macho. Alikuwa ameshalala kabla Baba hajazima taa.